Nyumba Moja, Mifuko Miwili: Darsa Kutoka Soko la Bumala

Naanza makala haya kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani si uungwana mtu kuwanasihi wenziwe ilhali yeye amejificha nyuma ya mlango.

Miaka ile watoto wetu walipokuwa wadogo, mwenzangu wa nyumbani, ambaye jirani zetu humwita Mama Salim, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi barazani. Akisha kutoa gharama ya unga, sukari, mafuta na nazi, faida iliyobaki aliitia katika mkebe wa maziwa ya unga alioutoboa kifunikoni. Huo ndio uliokuwa kibubu chake, akauficha kabatini chini ya kanga. Nia yake ilikuwa kununua cherehani. Mimi nami, kila siku niliyopungukiwa, mara nauli, mara mchango wa matanga, mara mgeni aliyefika pasi na taarifa, niliuendea mkebe ule na kuinua kifuniko. Nilisema, “Nitarudisha mwisho wa mwezi.” Miezi ikaisha, na sikurudisha.

Mwaka ulipotimia aliufungua mkebe mbele yangu, akahesabu kilichomo, kisha akaniambia kwa upole, “Baba Salim, nilidhani mkebe huu nimeutoboa juu tu. Kumbe umetoboka na chini.”

Hakuongeza neno, na wala mimi sikuwa na la kujibu. Kwa miaka mingi nililichukulia jambo lile kuwa siri ya nyumba yangu. Sikujua kuwa kuna watu wa vyuo vikuu, wenye shahada za juu, ambao wamelifanya suala hilo hilo la mkebe, kifuniko na ufunguo kuwa kazi yao ya ilimu, na kwamba baadhi ya majibu yao waliyapata hapa hapa Kenya, katika masoko ya Busia. Aliyenifungua macho ni binti yetu, anayesomea uchumi chuo kikuu. Likizo iliyopita alikuja na habari hizo, akatusomea mimi na mamake baada ya chakula cha usiku. Mama Salim alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama tu.

Ilimu ya mambo madogo

Wengi wetu tukisikia neno uchumi hufikiri habari za bajeti ya serikali, bei ya dola na mikopo ya nchi za nje. Hilo ni tawi moja. Liko tawi jingine, nalo wenyewe huliita maikroekonomia tumizi. Ni ilimu inayoangalia maamuzi ya mtu mmoja mmoja na ya nyumba moja moja: kwa nini mama huyu amenunua chandarua na yule hakununua, kwa nini mtoto wa huyu anafika shule kila siku na wa yule hukosa, fedha iingiapo mkononi mwa baba huendea wapi, na iingiapo mkononi mwa mama huendea wapi. Wataalamu wake hawatosheki na nadharia. Hushuka sokoni, zahanatini na madarasani, wakauliza na kuandika.

Mmoja wa waasisi wa fikra ya kuichungulia nyumba kwa jicho la uchumi ni Gary Becker wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1992. Mwaka 1981 alitoa kitabu kizima kuhusu familia. Katika hesabu za Becker na waliomfuata, aghalabu nyumba ilichukuliwa kuwa kama mfuko mmoja: ya mume na ya mke yanachanganyika, kisha yanagawanywa kwa maslahi ya wote. Ni picha nzuri, na lau ingekuwa kweli kila mahali, mkebe wa Mama Salim usingetoboka chini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazuoni wengine waliipinga. Walisema kuwa nyumba si mfuko mmoja. Ni watu wawili wenye mapenzi na masikilizano, naam, lakini pia wenye matakwa mbalimbali na nguvu zisizolingana.

Nani mkweli? Hapo ndipo ilipohitajika ilimu ya kupima.

Kikao cha kila wiki

Nilimtaka binti yangu anieleze hayo yanavyojadiliwa. Akanieleza habari ya kikao ambacho wao hukiita semina. Katika vyuo vingi vikubwa duniani, kundi la watafiti wa somo hili hukutana kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, kwa muda wa saa moja na robo au saa moja na nusu. Mtu mmoja, mara nyingi mgeni kutoka chuo kingine, huleta utafiti wake ambao bado haujachapishwa. Wengine hukaa kuusikiliza, au tuseme kuukatiza, kwa sababu katika semina za wanauchumi msemaji hangojewi amalize. Hajafika mbali, mkono umeshainuliwa: “Umejuaje?” Akijibu hili, anaulizwa lile. Mwanafunzi wa juzi ana haki ya kumwuliza profesa aliyeota mvi, na profesa analazimika kujibu.

Nilicheka niliposikia hayo, kwani nilikumbuka darsa zetu za utotoni. Tulikaa mkekani kuizunguka rahali, na maalimu wetu hakuridhika na mwanafunzi aliyehifadhi jawabu tu. Alitaka amjue aliyeipokea kauli ile, aliipokea kutoka kwa nani, na kama mpokezi huyo ni wa kutegemewa. Tofauti iliyopo ni kuwa sisi tulikuwa tukiuliza, “Nani kakwambia?” na hawa wanauliza, “Umemlinganisha na nani?”

Swali hilo la kulinganisha ndilo roho ya ilimu yao, basi na tulifafanue. Chukua mfano wa michezo ya fedha wanayocheza mama zetu mitaani. Ukienda kupima, huenda ukakuta kuwa wanawake walio katika chama wana akiba kubwa kuliko wasiokuwamo. Utakimbilia kusema kuwa chama ndicho kilichowapa akiba? Atainuka mtu kikaoni akuulize: je, si huenda aliyejiunga na chama ndiye tangu zamani alikuwa hodari, mwenye biashara inayokwenda, na mume asiyemzuia? Kama ni hivyo, basi chama hakikumfanya kuwa na akiba. Uwezo wa kuweka akiba ndio uliomleta chamani. Mambo mawili yakienda pamoja haimaanishi kuwa moja limelizaa jingine. Jogoo huwika na alfajiri huingia, lakini alfajiri haikuletwa na jogoo.

Njia mojawapo ya kuutatua utata huu ni kura. Watu mia wanaofanana hukusanywa. Hamsini hupewa jambo linalojaribiwa na hamsini wasipewe, na anayeamua ni kura, si hodari wala maskini wala jamaa wa mwenyekiti. Baada ya muda, tofauti yoyote kubwa itakayoonekana baina ya makundi mawili ina sababu moja tu ya kuaminika.

Busia ilivyoingia katika habari hii

Aliyeifanya Busia itajwe katika semina za ulimwengu ni Mmarekani, Michael Kremer. Alipokuwa kijana alifundisha shule huku Kenya ya Magharibi, na katika miaka ya 1990 alirejea akiwa mtafiti. Yeye na wenziwe walianza na jambo ambalo kila mmoja alidhani jawabu lake linajulikana: wakipewa wanafunzi vitabu vya kiada, watafaulu zaidi. Vitabu viligawanywa kwa kura baina ya shule, na alama zikapimwa. Wastani wa darasa haukupanda. Walionufaika ni wale wanafunzi waliokuwa hodari tangu hapo. Sababu mojawapo, walivyoeleza, ni kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Sisi tuliosomesha madrasa tunaijua hali hii: mtoto aweza kukariri ukurasa mzima na asijue umesema nini.

Kisha, pamoja na Edward Miguel, Kremer alichunguza dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Shule ziligawanywa makundi matatu, na dawa zikatolewa kwa awamu, kundi baada ya kundi, ili lililotangulia lilinganishwe na lililosubiri. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa utoro ulipungua kwa robo. Mwaka 2015 wataalamu wengine wa afya walizirudia hesabu zile, wakakuta makosa fulani na wakapinga baadhi ya hitimisho, na mabishano yao yaliendelea kwa muda. Nami nayataja ili msomaji asidhani kuwa kilichotoka chuoni ni msahafu. Hata hivyo dawa za minyoo ziliingia katika mpango wa kitaifa wa shule, na Pwani yetu ni miongoni mwa sehemu zilizofikiwa. Mama uliyeletewa barua na shule kuwa kesho mtoto atapewa dawa ya minyoo, jua kuwa nyuma ya barua ile kuna mijadala mingi ya vikao kama hivi.

Mwaka 2003, katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts kijulikanacho kwa jina la MIT, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan waliunda kundi la utafiti wa kupambana na umaskini kwa njia hii. Leo kundi hilo lina jina la Abdul Latif Jameel, mfanyabiashara wa Saudia, kwa kuwa mwanawe Mohammed Jameel, aliyesoma chuoni hapo, alilitolea mali na kulinasibisha na marehemu babake. Mwaka 2019 Banerjee, Duflo na Kremer walitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi. Duflo alikuwa mwanamke wa pili kuipata, na mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia.

Mama wa soko na akaunti isiyo na faida

Sasa tuje kwenye mkebe. Pascaline Dupas, mwanamke wa Kifaransa, na mwenziwe Jonathan Robinson walikwenda Bumala, mji mdogo wa soko huko Busia. Waliwakuta wanawake wauzao mboga, samaki na nguo kuukuu, na wanaume waendeshao baiskeli za abiria. Walipiga kura, waliobahatika walifunguliwa akaunti katika benki ndogo ya kijijini, gharama ya kufungua ikalipwa na watafiti. Na zingatia hapa, ewe msomaji unayejihadhari na riba: akaunti ile haikutoa faida hata senti. Zaidi ya hayo, kila mtu alipotoa fedha alikatwa ada. Kwa hesabu ya kawaida, aliyeweka shilingi mia mle angetoka na pungufu ya mia. Nani mwenye akili zake angekubali?

Si wote walioitumia. Wengi walifungua na hawakuweka kitu. Lakini wanawake wa soko wengi walikubali, wakaweka. Watafiti waliwapa daftari waandike kila siku walichopata na walichotumia. Baada ya miezi michache ilionekana kuwa, kwa makadirio, wanawake waliopewa akaunti walitia mtaji katika biashara zao zaidi kwa theluthi na ziada kuliko wale ambao kura haikuwaangukia, na matumizi yao wenyewe pia yaliongezeka kwa kiasi cha namna hiyo. Kwa wale wanaume wa baiskeli hakukuonekana tofauti, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo.

Hebu tutafakari. Mtu akikubali kulipa ili fedha yake ikae mahali, ina maana kuwa pale ilipokuwa ikikaa kwanza ilikuwa ikipotea zaidi. Ilikuwa ikipotea wapi? Si lazima kwa mwizi. Hupotea kwa shemeji mwenye shida, kwa jirani anayeazima, kwa mtoto anayelilia mkate wa mayai, kwa nafsi yenyewe inayotamani, na kwa mume anayeinua kifuniko.

Sanduku, kufuli na ufunguo

Dupas na Robinson hawakuishia hapo. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, walifanya kazi na vyama 113 vya kuchangiana katika Kenya ya Magharibi, ambavyo sisi Pwani tungeviita michezo. Wote walihimizwa waweke akiba kwa ajili ya afya: chandarua, dawa ya kutibu maji, matibabu ya watoto. Baadhi ya vyama viliishia kwenye himizo hilo. Vingine vilipewa, kwa kura, mojawapo ya vitu vinne.

Cha kwanza kilikuwa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, na ufunguo akakabidhiwa mwenyewe. Cha pili kilikuwa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ulikaa kwa mtu wa mradi, na halikufunguliwa mpaka lengo litimie. Cha tatu kilikuwa mfuko wa ziada ndani ya chama: kila wakutanapo huchanga kidogo zaidi ya mchango wao wa kawaida, na mwenye zamu huutumia kwa jambo la afya tu. Cha nne kilikuwa akiba ya mtu binafsi anayoiweka kwa mweka hazina wa chama, kwa ajili ya maradhi ya ghafla.

Ungekuwa umekaa kikaoni siku utafiti huo uliposomwa, ungesema kipi kimeshinda? Mimi nilimwambia binti yangu kuwa ni sanduku la pili, lile ambalo mwenyewe hawezi kulifungua, kwani nafsi haina amana. Nilikosea. Sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mwingine halikuwasaidia watu kukinga maradhi, maana waliogopa kuitia fedha mahali wasipoweza kuifikia mtoto akishikwa na homa usiku. Bali sanduku la kwanza, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote aitakayo, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Na ile mifuko ya ziada ya chama ilikuwa na athari kubwa zaidi, kwa sababu mtu huona haya kuwavunja wenziwe moyo, na kwa sababu fedha iliyokwisha tajwa kazi yake ni vigumu kuipa kazi nyingine. Ile ya kwa mweka hazina ilisaidia katika dharura, na hususan kwa wale ambao ndugu na marafiki hawaishi kuwaomba.

Inakuwaje kufuli uwezalo kulifungua mwenyewe likulinde? Mama Salim alilijibu swali hili kabla binti hajafikia maelezo ya watafiti. Alisema, “Fedha iliyo katika pindo la kanga ni ya kila mtu. Fedha iliyo sandukuni ina jina.” Ukiombwa, waweza kusema kwa ukweli kuwa huna kitu mkononi, ila kile ulichokwisha kukiwekea nia. Kufuli halimzuii mwizi tu. Humpa mwanamke neno la kujibu.

Fedha ya mume huendea wapi?

Robinson alikuwa na utafiti mwingine ambao, nikiri, niliusikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Katika Kenya ya Magharibi aliwafuatilia mume na mke katika nyumba 142 kwa wiki 8. Kila wiki kura ilipigwa, kila mmoja kwa kura yake, na iliyemwangukia alipewa shilingi 150. Kama nyumba ni mfuko mmoja, kama walivyodhani wa zamani, isingekuwa na tofauti yoyote fedha ile imemwangukia nani. Matumizi yangekuwa yale yale. Lakini haikuwa hivyo. Wiki ambayo mume alipata, matumizi yake binafsi yaliongezeka. Wiki ambayo mkewe alipata, ya mume hayakuongezeka. Na kwa wanawake hakukuonekana badiliko la namna hiyo.

Simnukuu Robinson ili kuwatukana wanaume wa Magharibi, wala wa Pwani, kwani nami ni mmoja wao. Namnukuu kwa sababu jambo hili linagusa hukumu tunayoisoma na kuisahau. Sheria yetu haijasema kuwa nyumba ni mfuko mmoja. Imesema mahari ni ya mwanamke, urithi wake ni wake, na chumo lake ni lake. Imesema chakula, mavazi na makao ni juu ya mume, hata kama mkewe ni tajiri. Akitoa mke kwa ridhaa ya nafsi yake, hiyo ni hisani. Akichukua mume bila ruhusa, akasema “nitarudisha”, hilo ni deni kama deni jingine lolote. Tunayasoma haya tukifundisha mlango wa nafaka, yaani matumizi ya mke. Tatizo ni kuwa tunapotoka darsani tunarudi nyumbani kwenye mkebe usio na kufuli.

Maswali yaliyobaki kikaoni

Haitakuwa insafu nikiwasifu wataalamu hawa nisiyataje ya kuwauliza. La kwanza ni kura yenyewe. Je, ni haki kumpa huyu na kumnyima yule, kwa ajili ya kujifunza tu? Wao hujibu kuwa mara nyingi vitu havitoshi kwa wote, na penye uhaba kura ni adilifu kuliko upendeleo. Isitoshe, waweza kufanya kama ilivyofanywa katika dawa za minyoo, aliyekosa mwanzo akapewa baadaye. Jawabu hili lina uzito, lakini linafaa pale tu ambapo kweli hakitoshi, na pale ambapo manufaa ya kitu bado hayajulikani. Kumnyima mtu kilichokwisha kujulikana kuwa kinaokoa maisha hakuwi utafiti.

La pili, Bumala si Lamu, na mwaka 2006 si leo. Siku hizi wengi wa mama zetu huweka fedha kwenye simu, na huko nako kuna mikopo ya haraka inayowaita kila saa. Jawabu lililopatikana sokoni kule laweza kuwa sahihi huku au lisiwe. Anayetaka kujua ni lazima aje aulize huku.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Wanawake walioandika madaftari yale kila siku, ambao bila wao utafiti usingekuwapo, hawakuwa kikaoni. Mijadala ilifanywa ng'ambo kwa Kiingereza, na vitabu vikachapishwa vyuoni. Nilipomwuliza binti yangu kama yupo aliyerudi Bumala kuwakusanya mama wale na kuwaeleza kwa lugha yao kilichopatikana katika madaftari yao, alinyamaza, kisha akasema, “Baba, hilo ndilo swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika semina yetu.” Nikamwambia basi aliulize yeye, kwani ndiyo faida ya kikao ambacho mdogo ana haki ya kumkatiza mkubwa.

Tunayoweza kuyafanya majumbani

Mama zangu na dada zangu, katika haya yapo mambo machache yasiyohitaji shahada. Aliye na mchezo na wenziwe anaweza kuwashauri waongeze mfuko mdogo wa pili wenye jina lake, kama wa dawa na hospitali, au wa ada za shule, na usichanganywe na ule mkubwa. Anayeweka nyumbani na aweke mahali penye kufuli, na ufunguo ukae kwake. Akiipa fedha hiyo jina tangu siku ya kwanza, na nyumba nzima ikalijua jina hilo, itakuwa vigumu kuigusa. Na asijifungie yote mahali asipoweza kufikia, kwani homa ya mtoto haina kalenda.

Enyi waume wenzangu, letu ni moja: tusiwe sisi ndio sababu ya kufuli. Kuna chandarua pia cha kutufunza. Mwanzoni baadhi ya watu walisema kuwa mama mjamzito akipewa chandarua bure hatakithamini, afadhali alipe japo kidogo. Dupas na Jessica Cohen walikwenda katika zahanati za Kenya ya Magharibi, wakapanga bei kwa kura, kutoka bure hadi shilingi 40. Kwa bei hiyo ya shilingi 40 tu, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 katika kila mia, na waliopewa bure walikitumia sawa na waliolipa. Shilingi 40 ambazo sisi tunaziona si kitu zilitosha kumzuia mama na kinga ya mwanawe. Anayeuchukua mkebe wa mkewe na kusema “ni kidogo tu” hajui kidogo hicho kilikuwa kimekwenda kuziba pengo gani.

Usiku ule, binti alipokwisha kusoma, alikwenda kulala akatuacha barazani. Nilimwambia mwenzangu, baada ya miaka ishirini na kitu, kuwa naomba anitajie deni langu la mkebe ule. Nilidhani atacheka aseme limekwisha samehewa. Alinitajia lote, moja baada ya moja: nauli ya safari, mchango wa matanga, kuku wa mgeni, na mwezi wa kila moja. Hakuwa na daftari.

Nimeanza kulilipa kidogo kidogo. Malipo ya kwanza niliyapeleka pamoja na sanduku la chuma nililolinunua sokoni, lenye kufuli na funguo mbili. Alizipokea zote mbili, akanishukuru, na hakunirudishia hata moja.